Nyuzi za Begani

Mimi ndiye niliyemnyonyesha Numeri, na mimi ndiye niliyemshonea kanzu ya kuwa mtu mzima. Nayasema haya mapema kwa sababu hapa Roma kila mwanamke aliyewahi kufua shuka moja la nyumba ya Kilimani anajidai siku hizi kwamba alimlea yule mtoto. Waongo. Maziwa yalikuwa yangu. Mwanangu mwenyewe alikufa wiki ileile Numeri alipozaliwa, wakaniwekea huyu kifuani, wakanionya nisilie maana kulia kunaharibu maziwa. Nikanyamaza, nikampenda, na nilimpenda kuliko mtumwa anavyoruhusiwa kumpenda mtoto wa bwana wake.

Baba yake alikuwa Kaisari. Homa ilimuua huko mpakani Numeri akiwa na miaka sita, na mdogo wa huyo marehemu akashika utawala kabla hata maiti haijafika mjini. Siku ya mazishi, mbele ya Baraza na askari wa kambi, huyo baba mdogo aliweka kiganja juu ya madhabahu akala kiapo. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, mtoto kalala begani kwangu. Alisema: "Kuanzia leo mpaka siku atakapovua joho la utoto, mtoto huyu ni damu yangu. Asiguswe na chuma, asiguswe na sumu. Akidhurika, miungu inidhuru mimi na kizazi changu." Watu wakalia, nami nikalia nao, mjinga mimi. Nilipofika nyumbani na kumvua mtoto viatu ndipo kile kipande cha katikati kiliponirudia kichwani. Mpaka siku atakapovua joho la utoto. Na kesho yake je?

Msidhani huyu baba mdogo alikuwa mnyama. Angekuwa mnyama ningelala vizuri zaidi. Alikuwa mtu wa dini kupita kiasi. Hakuvuka kizingiti kwa mguu wa kushoto. Panya akilia katikati ya sala, sala ilianza upya, na kama panya analia tena, inaanza tena, wazee wa Baraza wamesimama juani wanatokwa jasho. Mtu wa namna hiyo akiapa, anakishika kiapo neno kwa neno, na kiapo kikifika mwisho wake, basi kimefika. Numeri alikuwa salama kabisa maadamu shingoni ana ile hirizi ya dhahabu ya watoto na mwilini ana joho lenye pindo la zambarau. Miaka minane nililitunza pindo lile kama mboni ya jicho.

Mwezi wa Januari, Numeri akiwa na miaka kumi na minne, yakaja marobota matatu ya sufu kutoka Tarento, nyeupe, laini, isiyo na hata chembe ya jani. Yalitoka kwa Kaisari. Bi Mkubwa Vibidia mwenyewe aliteremka chumba cha ufumaji kuyaona, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Huyu ndiye bibi yake Numeri, mama wa Kaisari aliyekufa na mama wa Kaisari aliye hai, wote wa tumbo moja.

"Umeona, Melitini?" akaniambia, mkono wake umezama ndani ya sufu. "Mwanangu kakumbuka. Mwezi wa tatu, sikukuu ya Libero mungu wa mvinyo, mjukuu wangu anavaa joho jeupe la watu wazima."

"Bi Mkubwa, ana miaka kumi na minne tu. Wengine hungoja mpaka kumi na sita."

"Wengine si mjukuu wangu."

"Na akishavaa, Bi Mkubwa? Kile kiapo…"

Aliutoa mkono akaniangalia vibaya. "Kiapo kilikuwa cha kumlinda, na amemlinda. Sasa anataka kumkabidhi kilicho chake. Kwani wewe unadhani nimezaa nyoka?"

Nilitaka kumjibu kwamba sijui alichozaa, mimi sikuwa mkunga wake. Alikuwa mama, anamtazama mwanawe kwa macho ya mama, na mimi nani wa kumcheka, maana nilikuja kukosea kwa macho hayohayo.

Numeri akaingia mbio, miguu yake mirefu inagonga kila kitu, sauti inapanda na kushuka. "Mama Meli! Nasikia sufu imefika!"

"Imefika. Punguza sauti, unanipasua masikio."

"Ifume haraka basi. Kina Fabulo wananiita Hirizi. Kila nikiingia uwanjani, 'Hirizi kaja, mpeni maziwa.'"

"Maziwa yana ubaya gani? Ndiyo yaliyokupa hiyo miguu ya korongo."

Alicheka, akanibusu utosini kwa kuwa sasa alikuwa mrefu wa kutosha kufanya hivyo, akatoka mbio vilevile. Bi Mkubwa alimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Nikakaa kwenye kitanda changu cha kufumia nikaanza kutanda nyuzi, mikono inafanya kazi na moyo umekataa.

Sasa kuna Thalusa. Thalusa alikuwa mfuaji wa nguo za Kaisari na rafiki yangu wa miaka mingi, na hakuwa na siri iliyowahi kukaa mdomoni mwake zaidi ya siku mbili. Katikati ya Februari alinivuta nyuma ya mapipa ya mkojo tunaofulia sufu, akatazama huku na huku, akakunjua leso. Ilikuwa na damu mbichi yenye povu.

"Ya pua?" nikauliza.

"Pua gani! Anakohoa. Hii ni ya saba mwezi huu. Mganga kamwambia mkewe, mjakazi wa mkewe kaniambia mimi. Baridi ijayo haioni."

"Una hakika, Thalusa?"

"Nimefua damu za watu miaka ishirini, shoga yangu. Ya pua naijua, ya hedhi naijua, ya vita naijua. Hii ni ya kaburi."

Nilirudi ndani nikihesabu miezi. Numeri akibaki mtoto mwaka mmoja tu, basi kiapo kingemlinda, kikohozi kingefanya kazi yake, na utawala ungemwangukia mwenyewe, kwa kuwa mtoto wa Kaisari wa kuzaa alikuwa bado ananyonya. Sikuhitaji jeshi wala Baraza. Nilihitaji mwaka mmoja.

Nilimwendea Numeri bustanini, akiwa anatupia mkuki mti wa msipresi. Nikamwambia angoje. Nikamwambia mwaka si kitu, ajifanye mgonjwa, aseme ameota ndoto mbaya, aseme chochote. Sikuthubutu kumwambia habari za leso, maana mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kulijua jambo kama hilo na uso wake usiseme.

"Nijifanye mgonjwa mbele ya Kaisari?" akasema. "Ili Fabulo aniite Hirizi mwaka mwingine mzima?"

"Acha akuite. Jina haliui."

"Unajua shida yako, Mama Meli? Wa kwako alikufa mchanga, ndiyo maana unataka na mimi nibaki mchanga."

Aliona mwenyewe alichokifanya. Alidondosha mkuki, akaja akaweka kipaji chake begani kwangu kama alivyokuwa akifanya zamani, akasema samahani, samahani, lakini joho nalitaka. Nikamwambia haya, mwanangu. Nikajua kwa maneno siwezi.

Nilichoweza ni sindano. Kwetu, jambo kubwa kama hili likiingiliwa na ishara mbaya, linasimama papo hapo. Chumvi ikimwagika, mtu akianguka, nguo ikichanika mwilini, kuhani anafunika kichwa chake, wageni wanarudi makwao, na kijana anangoja sikukuu ya Libero ya mwaka unaofuata. Hakuna Mroma anayebishana na hilo, na Kaisari kuliko wote. Basi niliifuma ile kanzu ya kuvaliwa chini ya joho kwa uaminifu, na michirizi yake miwili ya zambarau, alama ya Baraza, ikakaa sawasawa. Lakini mabegani, pale kipande cha mbele kinapokutana na cha nyuma, sikushona. Nilipiga bandi tu, mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa sufu usiosokotwa, kisha nikazikata nyuzi, mmoja naukata, wa pili nauacha. Kwa mbali ungeapa ni mshono wa maisha. Mtu akiinua mikono miwili, basi.

Niliogopa? Niliogopa sana. Mtumwa akigundulika kuchezea ibada, anasulubiwa. Lakini nilifikiri wataona mkono wa miungu, si wangu, na kwa wiki tatu nilijiona mwerevu kuliko wote Kilimani.

Siku ya sikukuu vikongwe walikuwa wamejaa njiani tangu asubuhi, mataji ya majani vichwani, wanakaanga vitumbua vya asali kwenye majiko yao na kuwapigia kelele wapita njia. Ukumbi wetu ulijaa pomoni. Kaisari alisimama karibu na madhabahu ya miungu ya nyumba, mwembamba, leso mkononi. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kiti. Mlangoni walijazana askari wa kambi na mkuu wao, Vekilio, mzee wa sikio moja aliyepigana ubavuni mwa marehemu. Numeri aliivua hirizi, akaibusu haraka haraka kwa aibu, akaitundika mbele ya miungu. Akavua joho la pindo. Nikamvalisha kanzu kwa mikono yangu, naye akaninong'oneza, "Usilie, Mama Meli, utanichekesha."

Kuhani akamwambia ainue mikono aombe.

Akainua. Kanzu iliachia mabega yote mawili kwa pamoja, ikateleza, ikaanguka chini, na mtoto akabaki na kitambaa cha kiunoni mbele ya Roma nzima. Bi Mkubwa aliziba mdomo kwa mkono. Kuhani alikuwa ameshashika pindo la joho lake ili afunike kichwa. Nilimwona Kaisari amekuwa mweupe, akafumba macho, na mimi ndani yangu nikasema: mwaka, nimempatia mwaka wake.

Kumbe nilisahau jambo ambalo mtoto wa Roma analijua kabla hajajua kufunga viatu. Ishara huwa haijawa nzuri wala mbaya mpaka mtu aipokee kwa sauti, na anayewahi kusema ndiye anayeimiliki. Numeri aliitazama ile kanzu miguuni pake. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu, nikaona anamtafuta Fabulo katikati ya watu, nikaona anaamua. Akainua kidevu.

"Mmeona?" akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikupasuka. "Vazi la Baraza limeanguka miguuni pangu. Kila kitu kitakuwa miguuni pangu. Naipokea ishara!"

Vekilio alinguruma kama ng'ombe dume. "Ameipokea! Dunia iko miguuni pake! Mwana wa Kaisari!" Na askari wote wakaitikia, wakapiga ngao, mpaka vumbi likadondoka darini. Bi Mkubwa alikuwa analia kwa furaha, anaagiza iletwe kanzu ya marehemu kutoka sandukuni, na ilipoletwa ilimpwaya mtoto mabegani, nikalazimika kuibana kwa pini. Kaisari alitabasamu. Alimkumbatia Numeri, akaondoka mapema, na nilimwona akitangulia kwa mguu wa kushoto bila kujua.

Siku tatu zilizofuata nyumba nzima ilikuwa ya shangwe, na mimi sikula. Numeri alikwenda uwanjani kwa joho jeupe, akarudi akiniambia Fabulo kamwamkia kwanza, fikiria, Mama Meli, kwanza! Siku ya tatu jioni Thalusa akaja, hata kikapu hakukiweka chini.

"Huko kwetu hakukaliki," akasema. "Kaisari hali, halali, hazungumzi na mkewe. Anatembea tu chumbani. Anasema, 'Miguuni pake, miguuni pake.' Amechinja kondoo watano asome ishara, maini yote yametoka mabaya. Anaogopa, Melitini. Sijawahi kumwona mtu akiogopa hivi."

"Anamwogopa mtoto?"

"Anaiogopa ile ishara."

Nami, kwa akili zangu za chumba cha ufumaji, nikaona njia. Mtu mwenye hofu ndiye anayeua, nilijiambia. Kiapo kimekwisha, hofu imejaa, basi kesho au kesho kutwa atatuma watu. Nikiiondoa hofu, nitauondoa upanga. Na hofu yenyewe si ya miungu, ni ya uzi wangu. Nikienda nikamwambia kwamba miungu haikusema kitu, kwamba ni mimi na sindano yangu, atalala, atacheka, atamwona Numeri alivyo, kijana wa miaka kumi na minne aliyejitetea asichekwe. Mimi watanisulubu, haya. Nimeishi vya kutosha.

Asubuhi ya siku ya nne nikaichukua ile kanzu, nikamwambia mlinzi wa Kaisari kwamba ninalo jambo kuhusu ishara. Hakuna aliyenizuia. Neno "ishara" lilifungua kila mlango.

Alikuwa amekaa mezani, hajanyoa, macho yamezama. Mbele yake kulikuwa na bao la nta lililoandikwa, na yeye alikuwa akilisoma tena na tena huku akitikisa kichwa. Mimi sijui kusoma. Nilipiga magoti nikamwambia yote bila kupumzika, bandi, uzi usiosokotwa, mmoja nimekata, wa pili nimeacha. Nikamtandazia mabega ya kanzu mezani.

Hakukasirika. Alichukua uzi mmoja akauvuta, ukakatika. Akauvuta mwingine.

"Nani alikutuma? Mama yangu?"

"Hakuna, Bwana. Bi Mkubwa hajui. Mtoto hajui. Aliona aibu tu, akasema la kwanza lililomjia mdomoni."

"Kwa nini ulifanya?"

Nikasema, "Nilitaka ibada iahirishwe, Bwana. Nilitaka abaki kwenye kiapo chako."

Nilitegemea aite walinzi. Badala yake alianza kucheka, polepole kwanza, halafu akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, akajifuta mdomo, machozi yanamtoka. "Sindano," akasema. "Siku tatu nimeshindwa kumeza hata maji, na kumbe ni sindano ya mwanamke. Miungu haikusema kitu?"

"Haikusema kitu, Bwana. Naapa kwa roho ya mwanangu aliyekufa."

"Haikumchagua?"

"Ni uzi tu, Bwana."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Akageuza kalamu yake upande wa bapa, akaanza kuilainisha ile nta, mstari baada ya mstari, mpaka bao likabaki tupu. Akainuka, akanishika kichwani kwa mkono wake, akamwita mwandishi na mashahidi, akasema kuanzia saa hiyo mimi ni huru. Nilimbusu mkono. Mkono ule niliubusu mara tatu, na midomo yangu naichukia mpaka leo.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, nacheka peke yangu njiani. Numeri alikuwa ukumbini anahangaika kujikunjia joho, maana joho jeupe lina mikunjo ya wendawazimu na hakuna anayeijua siku za kwanza. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake anamsahihisha bila msaada wowote.

"Umekuwa wapi?" Numeri akauliza. "Angalia hili, nimefanana na mzigo wa nguo chafu."

"Umefanana nao kweli. Inua mkono." Nikaanza kumpanga. "Nimetoka kwa baba yako mdogo. Amecheka, Numeri. Amecheka mpaka machozi. Yamekwisha."

"Yapi yamekwisha?"

"Yote. Na mimi niko huru, salimu kwa heshima."

Alipiga ukelele, akaninyanyua akanizungusha, joho likamfunguka lote, Bi Mkubwa akamgombeza kwamba ameanza kuchakaza nguo kabla haijafuliwa. Kwa muda ule mfupi tulikuwa watu watatu wenye furaha, na nasema wazi kwamba sijapata kuwa na furaha kama ile tena.

Vekilio aliingia na askari sita, mchana kweupe, kofia ya chuma kwapani. Wengine walibaki mlangoni. Alikuwa amelia, na hakuona haya kuonekana amelia.

"Mjomba Vekilio," Numeri akasema, "umekuja kula?"

"Hapana, bwana mdogo." Akaiweka kofia chini. "Nimetoka kwa Kaisari. Kaisari anasema amekushika mkono kwa miaka minane kama alivyoapa, na kiapo kimetimia. Anasema wewe sasa ni mtu mzima, umejitangazia utawala mbele ya askari, na mtu mzima hujibu kwa maneno yake. Amekupa heshima ya kulifanya mwenyewe." Akachomoa upanga mfupi, akaushika kwa ncha, mpini ukielekea kwa mtoto.

Bi Mkubwa aliinuka bila fimbo. "Huo ni uongo! Rudi kamwambie mwanangu mama yake anamwita. Rudi, Vekilio! Atakuja. Nikimwita anakuja." Askari mmoja akamshika viwiko kwa upole, akamkalisha, naye akaendelea kusema nikimwita anakuja, nikimwita anakuja.

Mimi nilimrukia Vekilio. "Asubuhi alicheka! Nilikuwepo! Hofu imemwisha, mtu hawezi kuua na hofu imemwisha!"

"Nani kakudanganya?" Vekilio akasema, na alisema kwa uchovu tu. "Hofu ndiyo iliyokuwa imemshika mkono. Jana usiku aliniita, akaniambia kama miungu imemchagua huyu mtoto, yeye hana ubavu wa kushindana nayo. Barua ilikuwa imeandikwa. Nilikuwa nimpeleke kambini leo, atangazwe mwenzake wa utawala. Nimekaa nje ya mlango wake tangu alfajiri nikiisubiri barua hiyo. Kisha ukaingia wewe. Ulipotoka, akaniita, akasema, 'Vekilio, ilikuwa mkono wa mtu.' Akanipa amri nyingine."

Nilikaa chini pale pale.

Numeri alikuwa ananitazama. Rangi ilikuwa imemtoka mpaka midomoni, na joho limemning'inia upande mmoja. "Mama," akasema, "ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kwamba ni mimi niliyekata nyuzi za kanzu."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilitaka kukupatia mwaka mmoja."

Alifikiri. Naapa kwamba alisimama pale akalifikiri jambo lile kama hesabu aliyopewa na mwalimu, kisha akanijia, akanishika chini ya makwapa akanisimamisha. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Akaupokea upanga kwa Vekilio, akaugeuza geuza, na nikaona kwamba hajui aushike vipi. Walimfundisha mkuki na kupanda farasi. Hili hakuna aliyemfundisha.

"Wapi, Mjomba?"

Vekilio akamwonyesha kwa kidole, chini ya mbavu, upande wa kushoto, kuelekea juu. Akamwambia aegemee, asisukume. Numeri akaniomba nisimame nyuma yake nimshike, asije akaanguka mbele ya askari. Nikamkumbatia kwa nyuma, kifua changu mgongoni kwake.

"Mama Meli, itauma?"

Nikamwambia haiumi hata kidogo. Ukweli nilikuwa nimeshausema asubuhi.